Pikipiki ya Katekista Longino

Mama mmoja alikuja gereji akisukuma pikipiki peke yake, kitenge amekikaza kiunoni, ndala amezivua na kuzitundika kwenye usukani. Hatukumtegemea mtu saa ile. Jua lilikuwa kali, barabara ya Igombe imetulia, na vijana wa bodaboda walikuwa wamejilaza juu ya pikipiki zao kivulini. Walipomwona wakaamka kwa utani. Mmoja akamuuliza kwa nini asipande ikambeba. Mama akamjibu bila kusimama kwamba ameibeba yeye tangu Shibula na bado haijasema asante. Wakacheka, na yule aliyeuliza akaona haya, akaja kuisukuma kwa nyuma mpaka chini ya bati letu.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba huku akihema, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi Masalu. Nikamwambia ndipo, Masalu ni mjomba wangu, amekwenda Mirongo kutafuta vipuri, lakini mimi pia ni fundi. Aliniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso. Nadhani oili iliyokuwa kwenye kucha ndiyo iliyomridhisha.

Pikipiki ilikuwa ya zamani, aina ile waliyokuwa wakipewa mabwana shamba kabla hizi za kisasa hazijajaa mjini. Tenki lilikuwa jekundu zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya tofali. Kiti kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa nyavu, na nyuma palikuwa na keria ya nondo iliyochomelewa kubebea sanduku. Rozari ya plastiki ilizungushwa kwenye kioo. Mtu alikuwa ameipenda pikipiki hii.

Nikamletea mama stuli na maji. Aliitwa Felicitas. Mume wake, Longino, alikuwa katekista. Wote wawili walizaliwa Muleba wakahamia Mwanza wakiwa bado vijana, na Longino akapewa kigango, kanisa dogo la nje ya parokia, kwenye mwalo wa wavuvi mbele ya Sangabuye. Kila Jumamosi alifunga sanduku la vitabu kwenye keria akaenda kufundisha watu wazima waliotaka ubatizo, wavuvi wengi wao, na wake zao waanika dagaa. Alikwenda hivyo miaka mingi. Halafu pikipiki ikaanza kuzima njiani.

Nyumbani iliwaka. Usiku ililala sebuleni kwa kuogopa wezi, pembeni ya godoro la mjukuu wao Annet, na asubuhi iliwaka kwa kiki ya kwanza. Lakini ikishapita Igombe, katikati ya mawe na mashamba ya mihogo, ilikuwa ikikohoa, inapoteza nguvu, inazima. Longino alisubiri kando ya barabara. Baada ya muda iliwaka, ikaenda kidogo, ikazima tena. Siku nyingine alifika watu wamekwisha kutawanyika. Siku nyingine aligeuzia njiani akairudisha kwa kuisukuma, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Akaipeleka kwa mafundi, na kwa kila fundi iliwaka vizuri kabisa, kama mtoto mtukutu anayetulia wageni wakifika.

Kisha mama Felicitas akanieleza jambo ambalo nadhani ndilo lililomfanya aisukume pikipiki ile tangu Shibula. Jumuiya yao ya sala ya mtaani ilikuwa imekutana nyumbani kwake. Baada ya sala mtu mmoja akauliza, kwa upole tu, kwa nini watu wa kigango wanalalamika kwamba katekista hafiki. Kabla Longino hajafungua mdomo, mke wake alijibu kwa niaba yake.

"Nilisema pikipiki ni nzima, mbovu ni mwenyewe," alisema, macho ameyaweka kwenye bilauri ya maji. "Watu wakacheka. Longino naye akacheka. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi, mwanangu. Kwamba naye alicheka."

Wiki ileile Longino alikwenda kwa paroko akarudisha kigango. Akaifunika pikipiki kwa shuka pale sebuleni, na hakuizungumzia tena. Mvua zilizofuata presha ikamchukua.

Sasa kigango kilikuwa na kijana mpya, Alexander, aliyekuwa akienda kwa miguu. Mama alikuwa ameamua kumpa pikipiki. Lakini kwanza alitaka kitu kingine, na alikisema polepole ili nisije nikakielewa vibaya.

"Sitaki unitengenezee tu. Nataka uniambie ilikuwa na nini. Mafundi wote walimwambia uchafu. Mimi nataka jina la ugonjwa. Kama mume wangu alikuwa anasema kweli, nitasimama mbele ya jumuiya nilirudishe lile neno. Na kama alikuwa anadanganya, nijue pia, nimsamehe, nilale."

"Nitakuambia, mama," nikasema. "Chochote nitakachokuta, nitakuambia kama kilivyo."

Niliahidi upesi, kama watu wanavyoahidi kabla hawajaona kitu. Nilikuwa nimemaliza chuo, ualimu wa historia, ajira bado haijatoka, na niliamini kwamba ukweli ukitafutwa kwa uangalifu humfaa kila mtu.

Nikaanza na tenki. Nilifunga koki, nikachomoa mpira, nikamwaga mafuta kwenye beseni. Yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi, na harufu yake ilikuwa ya rangi ya mlango iliyooza koponi. Petroli ikikaa muda mrefu hufa, na ikifa huacha utomvu. Nilipofungua bakuli la kabureta niliukuta umeganda chini, wa njano, wa kunata. Nikalitikisa boya karibu na sikio nisikie kama limeingia mafuta ndani, lilikuwa kavu. Sindano yake haikuwa imelika. Jeti ndogo ndiyo iliyokuwa imeziba. Niliilowanisha, nikaizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki, nikaipuliza, nikaielekeza juani mpaka nikaona nuru ya upande wa pili. Nikaosha chujio la koki, nikasugua plagi, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikatia petroli mpya. Kiki ya pili ikawaka.

Iliunguruma vizuri sana. Nilipiga resi, nikaachia, ikashuka taratibu bila kuzima. Vijana wa bodaboda wakapiga makofi kutoka kule walikolala.

Mama Felicitas alikuwa amesimama. Nilitegemea atabasamu, lakini alikuwa anaiangalia pikipiki kama mtu anayemwangalia shahidi aliyebadili maneno mahakamani.

Akauliza kama huo uchafu niliomwonyesha kidoleni ndio uliokuwa unamsumbua Longino. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Utomvu ulikuwepo, wa njano, unaonekana. Lakini utomvu ule ulitokana na pikipiki kukaa chini ya shuka tangu Longino aache kuipanda. Wakati ule alipokuwa anaitumia kila wiki, petroli ilikuwa haipati nafasi ya kuganda. Nikamwambia hivyo: huu ni uchafu wa kulala, wa mume wako bado sijaukuta. Nikamwomba aiache, kesho asubuhi niipeleke njia ileile aliyokuwa akipita yeye.

Kabla hajaondoka alitoa kipande cha sabuni kwenye mkoba wake akaniambia ninawe. Alikuwa akizitengeneza mwenyewe nyumbani na kuziuza soko la Igombe, za kijani, zenye mchaichai anaouchemsha kwenye sufuria lake mwenyewe. Nilinawa, na oili ikatoka hata kwenye mikunjo ya vidole. Nikamsifu. Akasema kwake kila kitu hupita kwenye sabuni ile, nguo, vyombo, watoto, hata ndoo ikitoboka anaziba nayo. Kwa mara ya kwanza nikaona ucheshi wake, ule ambao siku moja ulimponyoka mbele ya watu.

Asubuhi nilitoka kabla barabara haijachangamka. Pikipiki ilikwenda. Ilipita Shibula, ikapita Igombe, ziwa likatokea kushoto kati ya mawe, limetulia, weupe wa dagaa umetandazwa kwenye mchanga. Nilifurahi, halafu nikajisikia vibaya kwa kufurahi, kwa sababu kila kipande cha barabara kilichopita salama kilikuwa kinamfanya Longino mwongo. Nilijikuta nasema kwa sauti, ndani ya upepo, zima basi, zima.

Ikazima kwenye mlima wa kabla ya Sangabuye.

Ilizima sawasawa na alivyoeleza mama. Ikakohoa, ikaishiwa nguvu, ikanyamaza. Niliisukuma kando, nikatoa spana mfukoni. Nilichomoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikapiga kiki; cheche ikaruka nzuri ya bluu. Basi si umeme. Nikalegeza skrubu ya chini ya kabureta. Petroli ikadondoka kidogo, ikakoma. Kabureta ilikuwa na kiu. Nikatikisa tenki, likajibu kwa mlio wa mafuta mengi. Nikachomoa mpira kwenye kabureta na koki iko wazi: likaja tone, tone jingine, halafu hakuna. Chujio la koki nililiosha jana kwa mkono wangu.

Tenki lilikuwa limejaa, na halikutaka kutoa.

Kilichobaki kilikuwa mfuniko, na hapo nikasita. Lori la mchanga lilikuwa linakuja, limebeba wingu zima la vumbi nyuma yake, na gerejini kwetu jambo la kwanza tunalomfundisha mteja ni kwamba tenki halifunguliwi barabarani, vumbi litashuka mpaka kwenye kabureta. Mjomba hulisema, na mimi nilikuwa nimewaambia wengi. Nilisubiri lori lipite, vumbi litue. Kisha nikaufungua.

Tenki lilivuta pumzi. Niliisikia wazi, ndefu, na papo hapo petroli ikabubujika kutoka kwenye mpira uliokuwa unaning'inia, ikanilowanisha kiatu.

Nilijua ni nini kabla sijageuza mfuniko. Kila mfuniko wa tenki la namna hii una kitundu chembamba. Mafuta yakishuka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, na isipoingia, tenki linayang'ang'ania mafuta yake mpaka injini inakufa na njaa. Ukisubiri, hewa kidogo hujipenyeza kwenye nyuzi za mfuniko, pikipiki inawaka, inakwenda kidogo, inazima tena. Niliugeuza mfuniko juani. Kitundu kilikuwa kimezibwa, tena kimezibwa kwa makini, kimekandamizwa na kusawazishwa kwa kidole. Kilichozibia kilikuwa kigumu na cha kijani.

Nilikwangua kidogo kwa ncha ya waya, nikakitia mate kiganjani, nikasugua. Kikatoa povu. Chini ya harufu ya petroli nikasikia mchaichai.

Nilikaa juu ya jiwe pale mlimani kwa muda. Chini wanawake walikuwa wanageuza dagaa kwa mifagio. Mahali fulani mbele yao palikuwa na chumba chenye mabenchi ambako watu walikuwa wakimsubiri Longino, naye yuko hapahapa nilipo, akitikisa tenki na kusikia mafuta yakicheza ndani.

Niliporudi gereji mjomba Masalu alikuwa amefika, amekalia tairi, anakunywa uji. Nilimwekea mfuniko mkononi, nikamweleza yote. Aliuangalia muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akauliza kama mwenye pikipiki ni yule mzee wa Kihaya, katekista, mwenye kiti cha uzi wa nyavu.

Alimkumbuka. Longino alikuja kwetu zaidi ya mara moja wakati mimi niko chuoni. Mara ya kwanza mjomba alimtania kwamba wakati wa Kwaresima amefunga yeye na pikipiki nayo ameinyima chakula. Tangu siku ile, mzee akifika hapa, kabla hata hajashuka vizuri, alifungua mfuniko kuonyesha kwamba mafuta yapo. Mjomba alipiga kiki, ikawaka. Kila mara aliufungua, na kila mara ikawaka.

"Alikuwa anauondoa ugonjwa mwenyewe, mbele ya macho yangu," mjomba akasema. "Na mimi nilimwambia nini? Nilimwambia ni uchafu, usifungue tenki barabarani." Akaweka kikombe cha uji chini bila kukimaliza. "Mara ya mwisho nikamwambia pikipiki yake inataka sala, siyo spana. Nikacheka sana."

Kisha akaniambia nimwambie mama ni uchafu.

Nikasema mama ameomba asiambiwe hivyo. Mjomba akasema hiyo ndiyo sababu ya kumwambia. "Bhebhe, wewe mwalimu, mume amekwisha kuzikwa. Mwambie kabureta ilikuwa na uchafu mbaya, mume wake alisema kweli, mama aende akamsafishe jina. Uchafu haujawahi kumliza mjane."

Alichokuwa anasema kilikuwa kizuri kwa kila mtu. Longino angerudishiwa jina lake. Mama angesimama mbele ya jumuiya, angelirudisha neno lake, angelala. Gereji yetu isingetajwa. Kingepotea kitu kimoja tu kidogo, na aliyekuwa amekiona ni mimi na mjomba. Nilizibua kitundu chote kwa waya, nikaupuliza mfuniko mpaka hewa ikapita bila kizuizi, nikaufunga mahali pake. Kipande cha kijani nilikiweka kwenye karatasi ya sigara nikakitia mfukoni. Nusu ya siku nilikuwa nafanya mazoezi ya neno uchafu kichwani, na lilikuwa linakaa vizuri.

Mama Felicitas alikuja jua limelegea. Alikuwa amebadilisha kitenge, amevaa cha jumuiya, na mkononi alikuwa na kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani mlikuwa na kahawa za kutafuna kutoka kwao. Alinipa mimi, akampa mjomba, kama mtu anavyowapa wageni nyumbani kwake. Mjomba akamwamkia na kuinamisha kichwa. Mama akaketi kwenye stuli ileile.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ilikuwa na nini?"

Neno langu la mazoezi lilikuwa tayari. Nilimwangalia, na nikafikiri kwamba kila aliyemsikiliza Longino alichukua maelezo yaliyokuwa karibu na mkono wake, akamrudisha nayo barabarani. Nikatoa karatasi mfukoni.

Nilimwambia kwanza lile alilolihitaji zaidi. "Mzee Longino alisema kweli. Ilizima palepale alipokuwa akisema, na mimi nilikuwa juu yake." Akafumba macho. Nilimwacha akae na hilo kidogo, kisha nikaendelea. Nilimweleza jinsi tenki linavyohitaji kuvuta hewa, na kitundu kilipo, na kwamba kilikuwa kimezibwa. Nilipofungua karatasi sikuwa nimemaliza. Alishaelewa. Alikichukua kile kipande kwa vidole viwili, hakukinusa, hakuhitaji.

Mjomba akaacha kutafuna.

"Annet ana pumu," akasema. "Pikipiki ililala sebuleni, harufu ya petroli ikawa inamkohoza usiku. Nikatafuta harufu inatokea wapi. Nikaweka kidole pale juu, nikasikia baridi ya mafuta, nikajua panavuja. Nikapaziba." Alikirudisha kipande kwenye karatasi kwa uangalifu, kama kinaweza kuvunjika. "Longino alinisifu. Alisema mke wangu ni fundi. Nilitaka mtoto apumue."

Nikasema hakuna mtu ambaye angejua. Sijui kama alinisikia. Aliinua uso, akaniuliza swali nililokuwa naomba asiniulize.

"Angefungua mfuniko pale barabarani, akafunga tena. Ingewaka?"

Nilitaka kuangalia pembeni.

"Ingewaka, mama. Na angefika."

"Mimi ndiye niliyemkataza," mjomba akasema nyuma yangu. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, na sikuwahi kumwona ameivua mchana. "Nilimwambia asifungue, vumbi litaingia. Alinitii. Nisamehe, mama."

Mama alimtazama mjomba bila hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba katika safari aliyodhani ni yake peke yake alikuwa na wenzake. Akatikisa kichwa polepole, na machozi yakashuka bila uso wake kubadilika. Kule kwenye kivuli chao vijana wa bodaboda walikuwa wanabishana mpira, na mmoja alipotuona akawaambia wenzake wapunguze sauti.

Baadaye akasimama, akajifuta kwa upindo wa kitenge, akaniomba nimpeleke Shibula kwa pikipiki ileile, jumuiya inakutana jioni hii.

Njiani ilikwenda bila kukohoa. Alikaa upande nyuma yangu, ameshika keria. Tulipokaribia nilimwambia, nikiwa nimeangalia mbele, kwamba si lazima aseme yote. Watu wanachohitaji kujua ni kwamba mzee hakudanganya, na hilo peke yake linatosha kumrudishia heshima. Nililisema kwa sababu nilikuwa nimeanza kujuta. Nilikuwa nimeutafuta ukweli kwa uangalifu kama nilivyofundishwa, na sasa ulikuwa umekaa nyuma yangu, mwepesi, kwa umbo la mama mmoja mwenye umri wa mama yangu, na sikujua utamfaa nani.

Nilidhani upepo umelichukua neno langu. Kisha akanijibu kwenye sikio.

"Neno lile nililisema zima. Nikirudisha nusu, nusu nyingine nitabaki nayo mimi na Longino."

Jumuiya ilikuwa imekutana uani kwa mwenyekiti wao, viti vya plastiki vimezungushwa, watoto wamekaa mkekani. Walimaliza kusali tukiwa tumesimama mlangoni. Mama akaniomba mfuniko. Niliufungua nikampa, nikabaki na pikipiki nje ya ua wa miti ya manyara, kiganja changu nimekiweka juu ya mdomo wa tenki kuzuia vumbi. Kahawa aliyonipa ilikuwa bado mfukoni, sikuwa nimeitafuna.

Alisimama katikati yao. Aliwakumbusha jioni ile nyumbani kwake na neno alilolisema, akalitamka tena kama lilivyokuwa, na safari hii hakuna aliyecheka. Akasema Longino alikuwa mkweli, kwamba kila Jumamosi aliyokosa kufika alikuwa barabarani kabla ya Sangabuye na tenki lililojaa. Mtu mmoja akasema amina kwa sauti ya chini. Mwenyekiti, mzee mpole, akainuka, akamwambia, "Imetosha, mama Felicitas. Tumesikia. Kaa sasa, mama."

Kiti kilisogezwa nyuma yake. Kwenye mkeka, Annet alikuwa ameinua kichwa anamwangalia bibi yake.

"Bado," mama akasema. Akainua mfuniko juu ili hata walioko nyuma wauone. "Hapa pana kitundu. Pikipiki inavutia hewa hapa. Aliyekiziba ni mimi."